Sauti ya Mzee Kipaza: Nilivyobomoa Ukuta

Wiki iliyopita mliniacha mbele ya kioo cheusi cha kompyuta, nakitazama nacho kinanitazama. Wapo walioniandikia kunipa pole. Mmoja ameandika neno moja tu: "Umekoma?" Nimekoma, ndugu yangu. Ila kukoma kwenyewe bado kunaendelea.

Kwa aliyelikosa gazeti, habari ni hii. Baba yangu alikuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi, na mji mzima ulimwita Mzee Kipaza. Alipokutwa na kansa ya koo, madaktari walisema hawana budi kukitoa kisanduku cha sauti chote. Mtaalamu wa matamshi pale hospitali akatupa tumaini: mzee akirekodiwa mapema, akasoma sentensi nyingi, iko programu ya kutengeneza sauti inayofanana na yake. Yeye ataandika, mashine itasema, na atakayesikia atasema huyu ni Kipaza.

Basi mdogo wangu wa kike, ambaye nyumbani tunamwita Dada, akakaa naye chumbani wiki baada ya wiki akimsomesha sentensi za ajabu ajabu. "Mvua inanyesha juu ya bati." "Naomba maji ya moto." Baba alilalamika, "Mimi tangu nizaliwe sijaomba maji ya moto." Lakini alizisoma zote. Kisha akaenda kupasuliwa, na tangu siku hiyo hajatoa sauti, hata ya kuguna.

Sauti nikakabidhiwa mimi, kwa kuwa mwenye kompyuta ni mimi.

Kompyuta yangu ina mifumo miwili. Ukiiwasha inakuuliza: leo Windows au Linux? Mke wangu huiita nyumba ya wake wenza. Bi mkubwa ni Windows, na bi mdogo ni Linux niliyemleta mwenyewe kwa kupenda makuu. Wanalala kwenye diski moja, kila mmoja na chumba chake, katikati ukuta. Vyumba hivyo mafundi huviita patisheni.

Sauti za baba zilikuwa chumbani kwa bi mkubwa. Programu ya mtaalamu ilikuwa inataka kukaa kwa bi mdogo, na kwa bi mdogo kulikuwa kumejaa. Nikasema nisogeze ukuta kidogo. Nikafuta chumba nilichodhani ni kitupu. Kumbe nimemfuta bi mkubwa na kila kilichokuwa chumbani kwake.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa kuna jambo niliwaficha, na leo nalisema maana halifichiki tena.

Baada ya kufuta, sikukaa nikatulia. Niliingiwa na kiwewe, nikataka kurudisha mambo kabla mtu hajajua. Pale palipokuwa na chumba cha bi mkubwa nikajenga chumba kipya, nikakifomati kipokee vitu vipya, nikamimina humo vitu vya bi mdogo hadi mashine ikagoma. Ni sawa na mtu aliyebomoa nyumba kwa bahati mbaya, kisha akachimba msingi mwingine juu ya kifusi kabla hajauliza kama kuna mtu chini. Nilipoona maji yamezidi unga, nikaifuta kazi yangu yote, nikakaa mbele ya kioo cheusi, nikawaandikia ninyi ile ya wiki iliyopita kana kwamba kosa ni moja.

Makosa yalikuwa mawili. Na la tatu nililifanya asubuhi iliyofuata, kwa mdomo wangu.

Fundi wa kompyuta tunayemtegemea mtaani kwetu ni mwanamke, ana kibanda chembamba kama ujia. Skrubu kazipanga kwenye vifuniko vya chupa, feni kuukuu zinaning'inia ukutani, na tochi huwa anaishika kwa meno anapofungua mashine. Mimi ni mwalimu wa udereva, na fundi huyu alikuwa mwanafunzi wangu. Alikuwa akizima gari kila tulipofika penye mteremko. Siku moja nilimwambia, mbele ya wenzake, kwamba gari si cherehani. Leseni aliipata, na mimi sikumpongeza.

"Karibu, mwalimu," alisema. "Leo umekuja bila kelele."

"Nina shida."

"Hiyo naiona. Umevaa viatu vya pea mbili tofauti."

Nikatazama chini. Ni kweli.

Nikamweleza habari ya baba, habari ya sauti, habari ya chumba nilichokifuta. Alisikiliza huku akiifungua mashine, tochi mdomoni. Kisha akaitoa tochi na kunikazia macho.

"Hukuangalia kioo kabla ya kurudi nyuma."

"Sikuangalia."

"Si ndiyo uliyokuwa ukitupigia kelele sisi?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Haya. Sasa nijibu kama unamjibu daktari. Baada ya kufuta, uligusa kitu kingine? Ulijenga patisheni mpya? Ulifomati? Uliandika chochote juu yake?"

Ndugu zangu, jibu lilikuwa neno moja. Nilikuwa nalo ulimini. Lakini nilipomtazama yule binti, niliona mteremko, nikaliona gari limezimika, nikajisikia mwenyewe nikipiga kelele. Nikasema nitamwambiaje huyu kwamba nimezima gari mara mbili katika mteremko mmoja?

"Sijagusa," nikasema.

"Hakika?"

"Nikuapie?"

"Usiape. Basi kazi ni nyepesi." Alichangamka. "Ulichofuta ni ramani ya vyumba, vyumba vyenyewe vipo. Nitautafuta ukuta wa zamani, nitauandika upya mahali pake, basi. Ungekuwa umegusa, ningelazimika kwanza kuinakili diski nzima kwenye diski nyingine, nifanye kazi kwenye nakala. Hiyo ingetuchukua kutwa nzima."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na alikuwa ameufungua yeye mwenyewe bila kujua. Lakini baba alikuwa anatoka hospitali siku hiyo hiyo, na nilikuwa nimeahidi atakuta sauti yake mezani. Kutwa nzima sikuwa nayo.

"Fanya ile nyepesi," nikasema.

Akaiwasha programu yake, ikaanza kuipekua diski pole pole kutoka mwanzo hadi mwisho. Mistari ikawa inapanda kwenye kioo. Mimi huku najifanya natazama feni za ukutani.

"Huyu hapa!" akasema ghafla. "Bi mkubwa wako. Mwanzo wake huu, mwisho wake huu. Yupo mzima."

Nilimshika bega, nikamwachia haraka kwa aibu. Akauandika ukuta mahali pake, akazima mashine, akaiwasha.

Ikatokea ile menyu. Majina yote mawili, moja juu, moja chini, wake wenza wamerudiana. Sijawahi kufurahia kuona wake wenza kiasi kile.

"Unaona?" fundi akasema. "Kujikwaa si kuanguka. Chagua Windows."

Nikachagua. Badala ya kufunguka, yakatokea maandishi meupe: mashine inakagua diski na kurekebisha makosa. Asilimia zikaanza kupanda.

Fundi akaacha kutabasamu.

"Inarekebisha nini?"

"Si unaijua wewe?"

"Mwalimu, chumba ambacho hakijaguswa hakina cha kurekebishwa. Hii inakuta vitu visivyolingana na daftari lake, inavikata ili vilingane." Mkono wake ulikuwa juu ya kitufe cha kuzimia, haubonyezi, hauondoki. "Nikiizima katikati naweza kuua kila kitu. Nikiiacha inaendelea kukata. Niambie ukweli. Hukugusa?"

Mara ya pili. Hata jogoo angenihurumia.

"Sijagusa."

Akauondoa mkono. Asilimia zikapanda hadi zikaisha.

Windows ikafunguka na ile picha yangu nimeegemea gari la mafunzo, nacheka kama mjinga. Nikaliona folda la BABA. Nikalifungua. Majina ya faili yote yalikuwemo kama Dada alivyoyaandika: mvua juu ya bati, maji ya moto, habari za asubuhi, tangazo la stendi. Hilo la mwisho lilikuwa zawadi. Baba mwenyewe aliomba asomee lile tangazo lake la zamani: "Abiria wa kuelekea kaskazini, mlango uko wazi, safari ni moja." Nikacheka kwa nguvu pale kibandani.

"Zimo!" nikasema. "Zote zimo!"

"Majina yamo," fundi akasema. "Fungua."

Akafungua ya kwanza, mvua juu ya bati. Ukatoka mvumo wa shhhh usio na mwanzo wala mwisho. Kwa sekunde moja nilidhani ni kweli Dada alirekodi mvua.

Akafungua ya pili. Shhhh. Ya tatu ikakataa kabisa. Maji ya moto, shhhh. Habari za asubuhi, shhhh. Tangazo la stendi likatoa mlio mkali mmoja, likakatika.

Alizifungua moja moja, hakuruka hata moja. Mimi niliacha kutazama kioo, nikawa natazama vidole vyake. Tulipokaribia mwisho kulikuwa na faili moja iliyoitwa "jaribio". Akaibonyeza bila hata kutarajia.

Mtu akavuta pumzi. Akakohoa. Kisha, kwa ile sauti nzito iliyowahi kuamsha abiria stendi nzima:

"Imewaka?"

Machozi yalinitoka hapo hapo. Sikuona aibu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza siku ile kutoona aibu ya bure. Nikaufunga mfuniko wa kompyuta kabla baba hajasema la pili.

"Inatosha," nikasema. "Hii nitampelekea."

"Mwalimu, subiri. Niachie hii mashine."

"Mzee anatoka hospitali leo. Nimeahidi."

"Unampelekea neno moja? Mtaalamu anataka mamia ya sentensi."

"Moja si haba."

"Unatoa gereji gari lisilo na breki," akasema. "Mimi nimekwambia."

Nilishafika mlangoni.

Gari langu la mafunzo lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Miaka yote kazi yangu imekuwa kukanyaga yangu mwingine anapokosea. Nikakaa upande wa mwanafunzi, kompyuta mapajani, nikafikiri kwamba siku ile yote hapakuwa na mtu wa kukaa upande wa pili.

Nikatoa simu. Nilichoshindwa kumwambia usoni nikamwandikia: "Niligusa. Nilijenga patisheni mpya juu yake na kuifomati. Nikaifuta baadaye. Nisamehe." Nikatuma upesi kabla sijabadili mawazo. Mficha uchi hazai, wanasema, ila hawasemi anayefunua baada ya mkunga kuondoka anazaa nini.

Hakujibu. Nikawasha gari.

Nilidhani nitawatangulia baba na Dada nyumbani. Nilikuta viatu vya baba mlangoni.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, shingoni kitambaa cheupe, na chini ya kitambaa ule upenyo mdogo anaopumulia sasa. Kila akivuta hewa unasikia mluzi mwembamba. Ndicho kitu pekee kinachotoka kwa Mzee Kipaza. Alikuwa amepungua sana. Lakini aliponiona na kompyuta kwapani, alikaa wima kama mtoto aliyeahidiwa peremende.

"Shikamoo, baba."

Akainua mkono. Midomo yake ilisema marahaba, sauti haikuwepo.

"Kaka, wametuachia mapema," Dada alisema, akitoa dawa kwenye mfuko na kuzipanga mezani. "Mtaalamu anakuja kesho kuchukua sauti. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, kaka yangu ametoa nakala mbili, ya kwake na ya kubaki nyumbani." Akanigeukia. "Si ulitoa?"

"Eeh."

Siwezi kuwaeleza lile "eeh" lilitoka wapi. Nilikuwa nimetoka kuungama kwa simu dakika chache zilizopita. Nilidhani nimeshapona.

Baba akagonga meza kwa kifundo cha kidole.

"Anataka kusikia," Dada akasema. "Njia nzima ananionyesha sikio. Muwekee ile ya stendi, anaipenda."

"Tuanze na nyingine," nikasema. "Tuanze na ya jaribio. Ya mwanzo."

"Ya jaribio?" Dada akakunja uso, kama anayejaribu kukumbuka kitu. "Hiyo nilidhani niliifuta."

Nilikuwa nimeshaibonyeza.

Pumzi. Kikohozi. "Imewaka?"

Baba akafumba macho.

Kisha sauti yake ikaendelea, na sasa nikasikia yale niliyoyafungia kwenye mfuniko pale kibandani. Alikuwa anaongea taratibu, kama mtu anayeamini mashine haijawashwa.

"Sikiliza, mwanangu. Hizi sauti usimwachie kaka yako peke yake. Tafuta mahali pengine uweke za kwako. Simsemi kwa ubaya, nampenda yule. Lakini tangu mdogo, akivunja glasi hasemi. Anasukumia vipande chini ya zulia. Anayekuja kukatwa mguu ni mwingine."

Ikasikika sauti ya Dada, mbali kidogo: "Baba, hiyo imewaka."

"Imewaka? Zima basi, asije akasikia."

Ikaisha.

Chumba kizima kikabaki na ule mluzi wa shingoni. Dada alikuwa ameshika kichupa cha dawa, hakiweki chini. Nikasubiri anitazame. Alinitazama.

"Kaka," akasema polepole, "mimi za kwangu sikuweka. Nilisema baba anakuonea. Nilikuamini." Akakiweka kichupa mezani. "Fungua nyingine."

"Dada..."

"Fungua ya stendi."

Baba akafumbua macho. Nilitazamia hasira, na wallahi ningeipokea vizuri. Hakuwa na hasira. Machozi yalikuwa yanamshuka hadi kwenye kitambaa cheupe na alikuwa anatabasamu, kwa sababu alikuwa ameisikia sauti yake, na kwake hayo mengine yote yalikuwa madogo. Hakujua kwamba hiyo ndiyo iliyobaki. Alidhani ni ya kwanza kati ya mamia.

Akainua kidole, akakizungusha hewani.

Kila dereva wa stendi alikijua kidole hicho. Enzi zake, basi likishajaa, Mzee Kipaza alichungulia dirishani mwa chumba cha matangazo, akakizungusha hivyo hivyo. Maana yake: washa.

Alitaka niirudie.

Nikairudia. Nikasikia tena kuhusu glasi na zulia. Akazungusha kidole. Nikairudia mara ya tatu, na safari hii midomo yake ikawa inazifuata sauti zake, neno kwa neno, bila hewa.

Simu ikatetemeka mfukoni. Nikaitoa. Alikuwa fundi.

"Mwalimu, ungesema asubuhi!! IZIME hiyo mashine sasa hivi. Kama ulijenga juu, sauti nyingine huenda zimefukiwa tu, hazijafa, ningeweza kuchimba. Lakini kila dakika inapowaka inaandika juu yake na kuzimaliza. Usifungue chochote humo, hata hiyo moja. Chomoa, niletee."

Huenda. Nilisoma neno hilo mara nyingi kuliko mengine.

Nikanyoosha mkono kwenye kitufe. Kubonyeza tu. Lakini nikibonyeza, baba atauliza kwa macho, na Dada atauliza kwa mdomo, na jibu lake ni moja tu, nalo lilishasemwa na baba mwenyewe katika faili pekee aliyobaki nayo. Nisipobonyeza, kila akifurahi, sauti yake nyingine inazikwa.

"Nani huyo anakuandikia?" Dada akauliza.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuzimia. Kile cha baba kilikuwa hewani, kinazunguka, kinazunguka, na uso wake umejaa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu alipougua.

"Kaka, humwoni?" Dada akasema. "Baba anasema washa."